Kufifisha Simu Usiku Kunaweza Kuumiza Kichwa

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Mbeya inapokaza, watu wengi huingia kitandani mapema na simu mkononi. Taa ikishazimwa, mwanga wa skrini hushushwa hadi chini kabisa ili macho yapumzike. Kliniki tunawapokea wakilalamika kichwa kinagonga na macho yanawaka, ilhali tukiwapima wanasoma herufi zote ubaoni.

Mimi huanza kwa kuuliza wanatumia simu gani. Skrini nyingi za OLED, zile ambazo weusi wake ni mweusi kweli, hufifia kwa kuwaka na kuzima haraka, nyingine mara 240 hivi kwa sekunde. Ukishusha mwanga, muda wa kuzima hurefuka. Hapo ndipo kumeta kunapozidi.

Hukuoni kwa sababu mwanga ukimeta zaidi ya mara 90 hivi kwa sekunde, jicho huuona umetulia. Ila jicho linaposoma huruka kutoka neno hadi neno, na katika kuruka huko linaweza kuunasa mmeto. Wenye kipandauso huathirika zaidi; wengine hawasikii kitu. Haipofushi. Na miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, inayouzwa siku hizi kama dawa ya kila kitu, haizuii kumeta hata kidogo.

Jipime. Gizani, fungua ukurasa mweupe, shusha mwanga, kisha punga kalamu upesi mbele ya skrini. Ukiona ukungu mmoja laini, ni salama. Ukiona vivuli vingi vya kalamu vilivyoachana, skrini inameta. Pandisha mwanga ufike nusu, urudie. Tubelaiti za zamani zenye choki (kile kifaa kizito cha kudhibiti umeme wa taa) nazo humeta, mara 100 kwa sekunde, kwani umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na kila mzunguko huiwasha taa mara mbili.

Basi acha taa ya chumbani iwake na mwanga wa skrini usishuke chini ya nusu. Ukiona bado ni mkali, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kufifisha zaidi kwa programu, yaani kwa kutia rangi giza bila kuongeza muda wa kuzima. Simu nyingine zina hata kitufe cha kuzuia kumeta. Kumbuka pia kupepesa macho, maana kiangazi hewa yetu ni kavu na anayekodolea skrini hupepesa kwa nadra.

Ukishavuka miaka 40 na unaisogeza simu mbali ndipo usome, hilo si suala la kumeta. Njoo upimwe miwani ya kusomea.