Diaspora ni nini, na huchangiaje maarifa na biashara ya kimataifa?

Kiswahili kina neno lake kwa mahali walipo waliotoka kwao: ughaibuni. Ndani yake mna ghaibu, yaani kutokuwepo, kutoonekana. Aliye ughaibuni ni yule ambaye nafasi yake nyumbani iko wazi. Diaspora, neno ambalo siku hizi limezoeleka hadi kwenye hotuba za mawaziri, limetoka katika Kigiriki na linabeba picha nyingine kabisa: kutawanya, kama mkulima anavyomwaga mbegu. Neno la kwanza linatazama pengo aliloliacha mtu. La pili linauliza ameangukia wapi na ameota nini huko, na hilo ndilo swali la makala haya.

Kwa muda mrefu neno diaspora lilitumika hasa kwa Wayahudi waliotawanyika nje ya nchi yao, kisha likapanuka. Leo ni jamii yoyote inayoishi nje ya nchi ya asili yake huku ikiendelea kushikamana nayo. Hapo penye kushikamana ndipo penye uzito. Aliyehama na kukata kila kamba ni mhamiaji tu, na mjukuu aliyezaliwa ugenini anaweza kuwa mwanadiaspora kamili hata kama hajawahi kukanyaga alikotoka babu yake. Umoja wa Afrika, kwa mfano, haudai pasipoti: fasili yake ya mwaka 2005 inawahesabu watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara, uraia wao uwe wowote, mradi wako tayari kuchangia maendeleo ya bara hilo.

Ukitaja mchango wa diaspora, wengi huwaza fedha zinazotumwa nyumbani. Wana sababu: katika nchi za kipato cha chini na cha kati zikijumlishwa, fedha hizo sasa huzidi hata uwekezaji wa moja kwa moja wa makampuni ya nje. Lakini nadhani kuna sababu nyingine ya kuzizungumzia mno, nayo ni kwamba fedha huacha risiti. Benki kuu inazihesabu na kuzitangaza. Mtu akimpigia simu binamu yake na kumwambia "kiwanda kile usiagize kwao, wanabadilisha kitambaa baada ya sampuli", hakuna taasisi inayoandika popote kwamba maarifa yamevuka mpaka. Na simu ya namna hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko fedha za mwaka mzima.

Ili kuona kwa nini, tuanze na biashara. Kuna bidhaa ambazo karibu hazihitaji kumjua mtu. Shaba ina bei inayotangazwa kwenye soko la metali la London, viwango vya usafi wake vimeandikwa, na tani ya huku haina tofauti ya maana na tani ya kule. Unaangalia bei, unaagiza. Sasa chukua shati. Buluu ipi? Kifungo kitang'oka baada ya kufuliwa mara ngapi? Saizi ya kati ya nchi moja inambana mtu wa kati wa nchi nyingine. Sampuli hupendeza siku zote. Kazi ni kujua kitakachokuwa ndani ya kontena. Hakuna soko linalotangaza bei ya "shati zuri", na mnunuzi aliye mbali hawezi kutembelea viwanda mia mbili kutafuta kimoja kinachomfaa.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pande mbili. Anajua kiwanda kipi kinaheshimu tarehe. Akisoma barua ya mwenye kiwanda inayosema "tutajitahidi", anaelewa kama hiyo ni ahadi au ni hapana iliyovalishwa adabu. Anajua pia upande wa pili: kwamba mnunuzi wa huko atakataa mzigo mzima kwa sababu ya lebo iliyobandikwa vibaya, jambo ambalo mwenye kiwanda angeliona la kitoto. Gharama anayopunguza mtu huyu haionekani kwenye ushuru wala nauli ya meli. Ni gharama ya kutokujuana.

Mwanauchumi James Rauch ndiye aliyezitenganisha bidhaa kwa namna hii, na mwaka 2002 yeye na Vitor Trindade wakalipima wazo hilo kwa jamii za Wachina waliotapakaa duniani. Walikuta kwamba kuwepo kwao kunaongeza biashara kati ya nchi na nchi, na ongezeko ni kubwa zaidi kwa bidhaa za aina ya shati kuliko za aina ya shaba. Kwa nchi zenye Wachina wengi kwa kiwango cha Asia ya Kusini-Mashariki, makadirio yao ya chini kabisa yalikuwa ongezeko la karibu asilimia 60 kwa bidhaa hizo za aina ya shati.

Swali la mtu makini ni hili: utajuaje kwamba watu ndio wanaoleta biashara, na si biashara inayowavuta watu? Kwa kawaida huwezi kutenganisha. Vietnam ndiyo iliyotoa jibu, tena kwa njia ya uchungu. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ulipoanguka mwishoni mwa vita, Aprili 1975, zaidi ya wakimbizi laki moja walipelekwa Marekani, na serikali ya huko ikaamua kuwatawanya katika majimbo mbalimbali badala ya kuwaacha warundikane mahali pamoja. Walipangiwa pa kwenda kwa kufuata wafadhili na mashirika ya misaada. Biashara haikuwa na nafasi katika mipango hiyo, kwa sababu Marekani ilikuwa imeiwekea Vietnam vikwazo na hakukuwa na biashara ya kuzungumzia. Vikwazo viliondolewa mwaka 1994. Watafiti Christopher Parsons na Pierre-Louis Vézina walipotazama miaka iliyofuata, waliona majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi miaka ya sabini ndiyo yaliyokuwa mbele kuuza bidhaa Vietnam, na bidhaa zenyewe zilikuwa za aina nyingi zaidi. Karibu miaka 20 mlango ulikuwa umefungwa kabisa, na bado ulipofunguliwa waliojua njia walikuwa wale wale.

Kujuana kuna mkono mwingine: adhabu. Kwa nini wakala aliye ng'ambo ya bahari asile mzigo wako na kunyamaza? Barua za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 11, zilizohifadhiwa katika sinagogi moja la Cairo ya kale na kuja kufahamika sana kwa wasomi mwishoni mwa karne ya 19, zinaonyesha watu waliokabidhiana mali kutoka Afrika Kaskazini hadi Sicily na Misri. Mwanauchumi Avner Greif aliyezichambua anaeleza kwamba aliyemdhulumu mmoja alitengwa na wote, kwa hiyo uaminifu ulikuwa na faida ya hesabu, mbali na dini na tabia njema. Wanahistoria wengine wamempinga wakisema wafanyabiashara hao walikwenda pia mahakamani kama watu wote. Mimi sioni ugomvi mkubwa hapo. Mfanyabiashara mwenye akili hushika kamba zote mbili.

Sasa maarifa. Wataalamu husema "uhawilishaji wa maarifa", maneno mazito kwa jambo ambalo fundi yeyote analijua: kuna ujuzi unaoandikika na usioandikika. Mwongozo wa mashine unaweza kutumwa kwa barua pepe. Kusikia kwa sikio kwamba mashine hiyo iko karibu kuharibika, kujua lini umwite msimamizi na lini umwache, kupanga zamu ili mzigo utoke Ijumaa, hayo hukaa ndani ya mtu na husafiri pale mtu anaposafiri. Mwanafikra aliyelipa wazo hili umaarufu, Michael Polanyi, alizaliwa Budapest, akafanya kazi Ujerumani, kisha akahamia Manchester mwaka 1933. Alikuwa mfano wa alichokifundisha.

Mfano ninaoupenda zaidi hauhusu maprofesa. Vita vya Yugoslavia vilipolipuka mwanzoni mwa miaka ya tisini, takriban watu 700,000 walikimbilia Ujerumani. Wengi wao hawakupewa ukaazi. Walipewa kibali cha muda, cha kuvumiliwa tu, lakini wengi waliweza kufanya kazi. Baada ya makubaliano ya amani ya Dayton, yaliyomaliza vita vya Bosnia mwaka 1995, walitakiwa kurudi, na kufikia mwaka 2000 wengi walikuwa wamesharudi. Mtafiti Dany Bahar na wenzake walifuatilia sekta ambazo wakimbizi hao walikuwa wamefanyia kazi Ujerumani, wakalinganisha na mauzo ya nje ya nchi walizorudi. Sekta zilizorudishiwa wafanyakazi wengi ndizo zilizokua zaidi katika soko la dunia, hasa pale waliorudi walipokuwa wameshika kazi za uchambuzi na usimamizi. Hakuna aliyepanga mradi wala kukata utepe. Walirudi na masanduku yao, na namna ya kufanya kazi ikarudi nao.

Taiwan, kinyume chake, ilipanga. Mwaka 1980 ilifungua hifadhi ya viwanda vya kisayansi huko Hsinchu, karibu na vyuo na taasisi ya utafiti, na ikafikiria hadi shule ya lugha mbili kwa watoto wa wahandisi waliokuwa wakirejea kutoka Marekani. (Jambo la shule linaonekana dogo. Muulize mzazi yeyote anayefikiria kurudi kama ni dogo.) Mwaka 1985 ikampata Morris Chang, aliyekuwa amekaa miaka 25 katika kampuni ya Marekani ya Texas Instruments, na miaka miwili baadaye akaanzisha TSMC, kampuni ya kuwatengenezea wengine chipu za kompyuta. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa ulimwengu alioutoka. Ajabu ni kwamba Chang alizaliwa Ningbo, China bara, na kabla ya hapo hakuwahi kuishi Taiwan. Nyumbani kwa mwanadiaspora wakati mwingine ni pale panapojua kumpokea.

Mtaalamu AnnaLee Saxenian, aliyewafuatilia wahandisi wa Taiwan na India waliokuwa Silicon Valley, kitovu cha teknolojia huko California, ndiye aliyeeneza wazo la mzunguko wa wataalamu mahali pa ule msemo wa kukimbiwa na wataalamu. Mhandisi hatoki mara moja tu na kupotea. Anakwenda, anarudi, anafungua ofisi pande zote mbili na kuishi nusu ndani ya ndege. Wazo hilo ni zuri, ila limetumiwa vibaya kuwatuliza watu ambao kweli wamekimbiwa. Chipu inaweza kubuniwa California na kutengenezwa Hsinchu, lakini muuguzi aliyehama hawezi kumgeuza mgonjwa kitandani kwa njia ya intaneti. Mzunguko unahitaji pa kurudia: umeme usiokatika, cheti kinachotambuliwa, forodha isiyoshikilia vifaa miezi, na uraia au hadhi ya kisheria inayomruhusu mtu kumiliki na kuwekeza bila kuhesabiwa mgeni.

Maarifa huingia pia katika nchi inayopokea, na hilo husahaulika. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alipofuta ruhusa ya Waprotestanti kuabudu, makumi ya maelfu walikimbia, miongoni mwao wafumaji na mafundi. Mtawala wa Brandenburg, katika Ujerumani ya leo, akawakaribisha mwaka huo huo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, viwanda vya nguo katika miji iliyowapokea wengi vilikuwa bado vinazalisha kwa tija kubwa kuliko vingine.

Serikali na mashirika yamejaribu kuharakisha mambo haya. Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 1977, kwa kuanzia Uturuki, mpango wa kuwarudisha wataalamu kwa muda mfupi kama watu wa kujitolea. Yapo yaliyofaa, ingawa binafsi sina imani kubwa na ziara ya wiki tatu. Ujuzi wa mikono hauhami kwa slaidi, na mgeni wa muda mfupi mara nyingi hutoa ushauri kwa nchi aliyoiacha, ambayo haipo tena. Waliobaki nao hawakukaa bure, na wakihisi wanafundishwa na mjuaji wa kutoka nje, hunyamaza na kungoja aondoke.

Kuna hatari pia ya mtandao kujifungia: kuaminiana kwa ndani kunageuka ukuta kwa wa nje, zabuni zinazunguka kwa majina yale yale, na mwenye bidhaa bora asiye na shangazi ughaibuni anakosa soko. Na mtandao hufa. Waarmenia waliohamishwa na Shah Abbas, mfalme wa Uajemi (Iran ya leo), mwanzoni mwa karne ya 17 na kupewa mtaa wa Julfa Mpya kando ya mji mkuu wake, Isfahan, walisambaza biashara yao ya hariri hadi Amsterdam upande mmoja na Manila upande wa pili. Barua, mitaji na habari za nani kadhulumu zilipitia Julfa. Miaka ya 1740 mfalme mwingine, Nadir Shah, aliwakamua wakazi wake kodi na faini hadi wenye mali wakakimbia, na mawakala waliokuwa bandarini mbali wakabaki na anwani isiyojibu.