Pandikizi, ndumilakuwili na NOC: Bourbon yuko upande gani hasa?

Kama unaifuatilia Detective Conan, ile katuni ya Kijapani ya Aoyama Gosho kuhusu mpelelezi kijana Kudo Shinichi aliyegeuzwa mtoto akajiita Conan, lazima umeshakutana na hili neno NOC, Wajapani wanalitamka "nokku", na likitajwa tu ujue kuna mtu ndani ya lile Shirika Jeusi, genge la wahalifu wanaoitana kwa majina ya pombe kama Bourbon, Gin na Vermouth, ameshaanza kushukiwa. Sasa mashabiki wengi wanalichukulia kama jasusi wa pande mbili basi, na hapo ndo ubishi unapoanzia, huyu anasema Bourbon msaliti, yule anasema Bourbon mtu wa serikali, mwingine anakwambia Vermouth naye ni NOC, kumbe neno ni moja ila kila mtu ana maana yake kichwani. Ngoja tuzitenganishe. Ambaye hajafika episodi ya 783 aishie hapa maana nitataja kila kitu.

NOC ni kifupi cha Kiingereza, "non-official cover", yaani kujificha bila cheo cha serikali, na kwenye ujasusi wa kweli hakisemi lolote kuhusu mtu ni mwaminifu kwa nani, kinasema amejifichaje. Jasusi wa kawaida akipelekwa nchi nyingine anakaa ubalozini na cheo cha karani au katibu fulani, akikamatwa ana kinga ya kibalozi, anafukuzwa nchini yameisha. NOC hana hiyo kinga. Anaishi kama mfanyabiashara au mwanafunzi, hana uhusiano wowote wa wazi na serikali yake, akidakwa anaweza akafungwa au akauawa na waliomtuma wakasema hatumjui. Aoyama alipolileta kwenye hadithi akalitanua kidogo, kwake NOC ni mtu yeyote wa polisi au idara ya ujasusi aliyepenyezwa ndani ya Shirika akapewa jina la pombe kama wenzake.

Kwa Kiswahili huyo tunaye siku nyingi, anaitwa pandikizi. Ni neno la siasa zetu kabisa, mtu kapandikizwa chamani, anapiga makofi na nyie, anaimba na nyie, ila aliyemtuma yuko nje. Pandikizi moyo wake haujahama hata siku moja. Ndumilakuwili ni mwingine, jina lake limetoka kwa yule nyoka anayesemwa ana kichwa huku na huku, na mfano wake mzuri kwenye historia ni Juan Pujol García, Mhispania. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walijua kabisa kwamba ni jasusi, wakaamini ni jasusi WAO, kumbe anaendeshwa na Waingereza, na mwaka 1944 akawaaminisha kwamba mashambulizi ya Normandy ni geresha tu, pigo lenyewe linakuja Calais. Mwaka huohuo Ujerumani ikampa nishani ya Msalaba wa Chuma na Uingereza ikampa nishani yake. Yaani pande mbili, kila moja inajua imemwajiri jasusi na kila moja inaamini ni wa kwake peke yake.

Ukishaelewa hapo, rudi kwa Bourbon. Amuro Tooru jina lake halisi ni Furuya Rei, ni afisa wa polisi wa usalama wa taifa wa Japani, na Shirika halijui. Kwa hiyo si ndumilakuwili, ni pandikizi. Akai Shuichi aliyekuwa Rye ni pandikizi wa FBI, Scotch alikuwa wa polisi wa Tokyo, Kir ni wa CIA. Ndo maana kuna ile nadharia ya mashabiki kwamba kila mwenye jina la wiski ni pandikizi, na ukiangalia Rye, Bourbon na Scotch inakubali kabisa, wote watatu. Inakwama kwa Irish wa ile filamu ya 2009. Irish hakutumwa na serikali yoyote, aligundua Conan ni nani akaificha siri hiyo kwa Gin, muuaji wa Shirika, kwa sababu ya uchungu wa mwenzao Pisco aliyeuawa na huyo Gin. Hicho ni kisasi, hajapandikizwa na mtu, na mimi kwa sababu hiyo nadharia ya wiski naiona ni bahati ya majina matatu tu.

Kosa ninaloliona sana kwenye hizi kubashiri ni watu kupima uaminifu kwa matendo mabaya. Kamfyatulia mtu risasi, basi ni wa Shirika. Hapana jamani, pandikizi LAZIMA afanye mabaya, ndo nauli yake ya kukaa mle ndani. Kir alipanda cheo kwa sababu Shirika liliamini amemuua jasusi wa CIA, na jasusi huyo alikuwa baba yake mzazi, Ethan Hondou, aliyejing'ata mkono na kujipiga risasi mwenyewe ili mtoto asigundulike. Baadaye Gin anamwamuru amuue Akai na Kir anafyatua kweli, ya kifuani kisha ya kichwani, kumbe ni igizo, gari linachomwa na maiti iliyomo ni ya mtu mwingine, Akai yu hai. Ukimpima kwa risasi alizopiga, Kir ndo muuaji mbaya kuliko wote mle.

Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: anamficha nini bosi wake, na kitamgharimu nini siku kikijulikana? Scotch alipoona amegundulika alijipiga risasi kifuani, risasi ikapita kwenye simu iliyokuwa mfukoni, maana ndani ya ile simu kulikuwa na taarifa za watu wake. Hapo huhitaji kuuliza upande. Na hicho kifo ndo kinaeleza kwa nini Bourbon anamchukia Akai mpaka leo, anaamini Akai angeweza kukizuia. Wako upande mmoja wote wawili ila hawaivi kabisa, na hii inawachanganya watu sana, wanadhani ugomvi ni dalili ya usaliti.

Anayebaki mgumu ni Vermouth, mwanamke wa Shirika, na hapa ndo maneno yote matatu yanashindwa. Anajua Conan ni Kudo Shinichi, anajua Haibara, yule msichana mdogo rafiki wa Conan, ni Sherry, mwanasayansi aliyelitoroka Shirika, na hajalipeleka Shirikani. Gharama yake unaijua. Lakini hakuna idara iliyomtuma, na yeye Vermouth alishajaribu kumuua Sherry kwa mkono wake mwenyewe. Kule New York Ran, mpenzi wa Shinichi, alimshika mkono akiwa anaanguka, Vermouth akiwa amejificha kwenye sura ya muuaji anayetafutwa, Ran na Shinichi wakamwokoa bila kumjua, na tangu hapo kuna watu wawili duniani asiowagusa. Kule bandarini Ran alipomlalia Haibara kumkinga, mkono wa Vermouth ulikwama, akamsihi atoke pale. Kwa hiyo mtu akikwambia Vermouth ni NOC muulize wa nani, atakosa jibu. Uaminifu wake hauko kwa serikali, na kwa Shirika umebaki nusu, sehemu iliyobaki iko kwa binti mmoja wa sekondari anayecheza karate na mvulana aliyerudi kuwa mtoto.