Usonji (autism) hauonekani kwenye MRI jamani

Wiki hii peke yake nimepokea wazazi watatu wenye bahasha kubwa za picha za kichwa za MRI, ile mashine ya sumaku, na wote swali ni lile lile, dokta hebu tuonyeshe usonji uko wapi hapo. Mmoja kauza pikipiki. Haupo hapo mama, hata ukiigeuza picha juu chini.

Usonji tunautambua kwa kumwangalia mtoto mwenyewe: ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha ndege kwa kidole? Anajifanya anapika, au kutwa anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja? Watoto wengi wenye usonji MRI yao inasoma kawaida kabisa, na hapo ndo balaa linapoanza, mzazi anaambiwa ubongo uko sawa anarudi nyumbani kafurahi kumbe mwaka unapita na mazoezi ya kuongea hayajaanza. Na wa miaka miwili hatulii kwenye ile mashine inayogonga kama gereji, kwa hiyo anapigwa nusu kaputi kwa ajili ya jibu ambalo halikuhusu!

Halafu kuna wale wa "mbona Marekani wanaona". Ni kweli, 2017 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vichanga 148, wengi wana kaka au dada mwenye usonji, wakapigwa picha wakiwa usingizini, miezi 6 na tena miezi 12, kompyuta ikapima gamba la ubongo linavyotanuka na ikawadaka karibu 9 kati ya kila 10 ambao baadaye walikutwa na usonji. Kazi nzuri sana, ila ni ya familia ambazo tayari zina mtoto mwenye usonji, na ni hesabu ya kompyuta, siyo mimi kukodolea macho filamu moja ya mtoto wako wa miaka minne.

MRI naandika nikiona sababu, mfano kifafa, kichwa kikubwa au kidogo kupita kiasi, upande mmoja mnyonge, au alikuwa anatembea vizuri ameacha.

Siti skani (CT, picha ya eksirei) ndo kabisa, mionzi ya bure. EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, inatafuta kifafa. Chanjo haileti usonji, ile makala ya 1998 kwenye jarida la udaktari la Lancet iliyozusha hofu hiyo, jarida lenyewe liliifuta 2010. "Wa kiume huchelewa kuongea, subirini" nayo hapana, mlete.

Hela ya MRI anza nayo kwenye kipimo cha masikio, maana asiyesikia naye hageuki ukimwita. Na nirekodieni video mbili tatu kwa simu akicheza nyumbani, kwangu akifika ni kilio tu.