Wimbo Ndani ya Ngano

Kila mwaka hapa Mtwara, ninapofundisha fasihi, hukutana na mwanafunzi anayeamini kwamba kuchanganya tanzu, yaani aina za fasihi kama ngano, wimbo na tamthilia, ni uvumbuzi wa waandishi wa leo na wasanii wa singeli, muziki ule wa mwendo wa kasi. Humrudisha kwenye ngano aliyosimuliwa na bibi yake. Msimulizi hufika mahali akaacha kusema, akaanza kuimba, na wasikilizaji wakamwitikia. Na wimbo huo si pambo, kwa kuwa mara nyingi ndimo inamofichuka siri ambayo hakuna mhusika aliyethubutu kuitamka. Ndege huimba juu ya mti kwamba mtoto ameuawa, na kijiji kizima kikajua. Uondoe wimbo, kisa kinakwama.

Hicho ndicho kipimo changu: utanzu ulioingizwa ufanye kazi ambayo utanzu mwenyeji haukuiweza. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, wengi wanamjua kwa Kinjeketile ya mwaka 1969, lakini kwa suala hili nazipa uzito zaidi tamthilia zake fupi za mwaka 1976, Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zilizoandikwa kishairi, ambamo msimulizi mmoja hubeba kisa chote kama bibi kando ya moto. Ni tamthilia, ni shairi, ni ngano. Mtihani ndio hupenda mwanafunzi achague moja.

Singeli, iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam, ilichukua vipande vya ala za taarab ikavikimbiza. Taarab huenda taratibu ili fumbo lizame na msikilizaji apate nafasi ya kuinuka kumtunza mwimbaji. Mwendo ukishaongezwa, fumbo halina pa kutulia, na kijembe hutupwa waziwazi. Hapo mchanganyiko umezaa kitu. Wimbo unaofunguliwa kwa “paukwa, pakawa”, kisha usisimulie lolote, haujazaa.

Kipimo hiki hunisumbua mahali pamoja. Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Umatumbi mwaka 1905, vina utenzi wake, uliochapishwa mwaka 1957, na habari zilizomo zingeweza kuandikwa kwa nathari bila kupungua. Hata hivyo, ubeti wa utenzi, wa mishororo minne yenye mizani (silabi) 8 kila mmoja, hushikika kichwani hata kwa asiyesoma. Kazi hiyo nilikuwa sijaihesabu, ilhali naiona darasani: mwanafunzi aliyekwisha kusahau ngano ya bibi yake, nikimwomba, huniimbia wimbo wa yule ndege wote.