Mpangaji naye ana kura

Huko California wapo wanaoamini hadi leo kwamba kura ya hatifungani (ya kuidhinisha mkopo) ya wilaya ya chuo cha jamii, yaani mamlaka ya eneo inayoendesha chuo cha umma cha miaka miwili, ni ya wenye nyumba tu, kwa kuwa deni hulipwa kwa kodi ya majengo. Sivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalimaliza suala hilo mwaka 1970, katika kesi ya jiji la Phoenix: mpangaji ana haki ileile, maana mwenye nyumba humsukumia kodi hiyo kwenye pango.

Linalochanganya zaidi ni hesabu. Tangu Novemba 2000, hatifungani hizi kwa kawaida huhitaji asilimia 55. Awali zilihitaji theluthi mbili. “Ndiyo” ikipata kura 54 kati ya 100, imeanguka. Wengi wape haifanyi kazi hapo.