Aspiratere (mashini ya kuvuta vumbi) haivuti tena? Usiseme mbio motere imekufa

Vumbi ya Goma munaijua, ule mchanga mweusi wa volkano unaingia mu kapeti, mu viti, mpaka mu kitanda, na njo unachokesha aspiratere zetu. Ila kitu kinaniumizaka ni hiki: ikipunguza tu kuvuta, batu banasema "motere imekufa" na banaitupa.

Apana. Motere ikikufa haizunguki. Ikiwa ingali inazunguka, tafuta kwanza fasi hewa imezibwa. Jirani yangu mumoja wa Himbi fundi alimwambia anunue motere mupya. Tukachomoa mashini ku umeme, tukatoa tiyo (ule mupira vumbi inapitiaka), tukachomeka tena, tukaweka kiganja pale tiyo inaingiaka, tukawasha: mkono ukavutwa nguvu! Basi motere iko muzima, shida iko mu tiyo. Tukaangusha kifuniko ya soda ndani, hakikutoka upande wa pili. Tukasukuma polepole na mti wa ufagio, ikatoka soksi ya mtoto imekamatana na vumbi nyeusi, nzito kama ugali. Ni vile tu, na ule mama jirani alikuwa amekwisha kuanza kutafuta pesa.

Tena batu banasema ikilia sauti ya juu njo inafanya kazi sana. Ni kinyume, hewa ikizibwa ile feni ya ndani inakosa hewa ya kusukuma, motere inazunguka mbio kupita kawaida na sauti inapanda. Ukisikia vile zima, angalia.

Na ikizimika yenyewe, haimaanishi imeungua. Mashini mingi ziko na kinga inakata umeme joto ikizidi. Chomoa, safisha, ngojea nusu saa ao saa moja, kisha ujaribu.

Filitiri nayo, si zote zinaoshwa! Ya karatasi ikiona maji inaharibika, ya sponji osha lakini uiache ikauke saa 24, ukirudisha mbichi vumbi inageuka matope na unyevu unaingia mu motere. Saki ya karatasi (mufuko vumbi inajaliaka) usimwage urudishe, vitundu vyake vimekwisha kuzibika hata kama unaona iko safi.

Aspiratere ya kutoka Marekani ni ya volti 120, umeme wetu ni 220, soma kibandiko chini yake mbele ya kuchomeka.

Ukiona cheche mingi na harufu ya kuungua, hapo sawa, peleka kwa fundi, lakini umuombe aangalie kwanza sharibo, bile bipande bidogo byeusi binagusa fasi ya motere yenye kuzunguka, binaishaka na kubadilishwa bila kununua motere muzima.