Je, wajua kwa nini kisu cha kukunja cha zamani hukata kiazi kimya kimya?

Chukua kiazi mviringo kibichi, kile kikubwa cha Njombe kinachojaza kiganja. Kikate katikati kwa kisu cha kukunja cha zamani, chenye mpini wa mti na bapa jembamba. Kisu kinashuka mpaka kwenye ubao na husikii kitu. Sasa chukua kiazi kingine kama hicho, ukikate kwa kisu cha kukunja cha kisasa, chenye kufuli, klipu ya mfukoni na bapa nene linalong'aa. Kikifika katikati utasikia "kwatu!", na vipande vinaruka, kimoja huku kingine kule. Visu vyote viwili vimenolewa asubuhi hiyo hiyo, na vyote vinanyoa malaika ya mkono. Kwa nini basi kimoja kinakata na kingine kinapasua?

Kwa miaka mingi nililijibu swali hili vibaya, na nikawajibu wengine vibaya pia. Nilisema ni chuma. Niliamini kwamba bapa linaloingia weusi baada ya kukata ndizi mbichi ni la chuma hafifu, na linalobaki linang'aa ni la chuma bora, na kwamba chuma bora ndicho kinachokata vizuri. Kisu changu cha kisasa kilipopasua kiazi, nilidhani sijakinoa vya kutosha. Nikakinoa tena. Kikazidi kuwa kikali, na kikaendelea kupasua.

Tuanze na huo weusi, maana umewaponza wengi. Visu vingi vya zamani ni vya chuma cha kaboni, yaani chuma chenye kaboni kidogo, mara nyingi chini kidogo ya asilimia 1. Utomvu wa ndizi mbichi una tanini, na maji ya matunda mengi yana asidi. Vikigusana na chuma hicho vinaacha rangi ya kijivu, ya buluu au nyeusi. Ule ni utando mwembamba uliokaa juu ya chuma, na hauli kitu. Kutu ni jambo lingine kabisa: ni nyekundu, inabanduka, na inapobanduka inaondoka na chuma. Kisu cha babu kilichogeuka cheusi chote hakijaoza. Kimefanya kazi miaka mingi, na kikifutwa na kupakwa tone la mafuta ya kupikia kitafanya mingine.

Chuma kisichoshika kutu kinajilinda kwa njia nyingine. Kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nayo hujitengenezea utando wake usioonekana kwa macho. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha namna hiyo mwaka 1913, na hakikuchukua muda kuingia kwenye visu vya mezani. Lakini kromiamu haiongezi ukali. Kazi yake kubwa hapa ni kuzuia kutu. Mtu wa Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ana sababu nzuri sana ya kukipenda chuma hicho, ila sababu yake ni unyevu.

Kosa langu la pili lilikuwa gumu zaidi kuling'oa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Chuma kigumu hushika makali kwa muda mrefu, na hapo visu vingi vya kisasa vinavishinda vya zamani bila ubishi. Lakini kushika makali ni jambo moja, na kupita ndani ya kitu ni jambo lingine. Hata kipimo cha kimataifa cha ukali wa visu, ISO 8442-5, hakiyachanganyi mambo haya mawili. Mashine inakikatisha kisu karatasi ngumu zilizotiwa silika, ambayo ni kama mchanga laini. Kwanza inaandika kisu kinaingia kwa kina gani kikiwa bado kipya, kisha inaandika jumla ya kilichokatwa mpaka mwisho wa jaribio. Alama ni mbili, na kisu kinaweza kupata kubwa kwenye moja na ndogo kwenye nyingine. Mimi nilikuwa naisoma alama ya pili nikidhani ndiyo ya kwanza.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anayenoa visu karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa baiskeli iliyosimama kwenye stendi, jiwe la duara likizungushwa kwa pedeli. Nilimpa kile kisu cha kisasa.

"Shikamoo, baba. Hiki hakikati."

"Marahaba." Akayaegesha makali juu ya ukucha wa dole gumba. Yaling'ata, hayakuteleza. "Mbona kikali, mwanangu?"

Kisha akalibana bapa kwa vidole viwili, juu kidogo ya makali, akavipandisha taratibu kuelekea mgongoni. Vidole vikaachana upesi.

"Ni mabega. Makali yanaingia, mabega yanakataa."

Jibu lote liko kwenye sentensi hiyo. Fikiria njia ya sokoni siku watu walipobanana. Ukiingiza kiganja katikati ya watu wawili, kinapita. Kama nyuma ya kiganja una mwili mwembamba, nao unapita, na watu wanasogea kidogo tu. Kama umebeba tenga begani, kiganja kitapita vile vile, halafu tenga litawasukuma watu wote wawili pembeni. Makali ya kisu ndiyo kiganja. Bapa lote linalofuata, ambalo unene wake ndio mzee aliouita mabega, ndilo tenga, na ni lazima nalo lipate njia.

Watu wa sokoni wanaweza kujisogeza. Nyama nayo inajisogeza, na nyanya iliyoiva pia. Kiazi kibichi hakiwezi, kwa kuwa ni kigumu na kimejaa maji. Bapa nene likianza kukisukuma pande mbili kinavumilia mpaka kikomo chake, halafu kinapasuka, na ufa unakimbia mbele ya makali. Kuanzia hapo makali hayakati tena. Mabega ndiyo yanayofanya kazi, kama kabari. Ndivyo shoka linavyopasua gogo. Linagusa mti kwa makali mwanzoni tu, na kinachomaliza kazi ni unene wake. Ukijaribu kupasua gogo lile lile kwa panga jembamba, linazama na kunasa, kwa sababu halina mabega ya kuutanua mti. Kwa kuni tunayataka mabega. Kwa kiazi ndiyo yanayotuharibia.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, chukua nusu ya kiazi kilicholia "kwatu", uigeuze kwenye mwanga. Sehemu ya juu, pale kisu kilipoingilia, ni laini na imelowa, inateleza kidoleni. Chini yake kuna mstari, na baada ya mstari uso unakwaruza, una vijibonde kama ukuta ambao haujapigwa lipu. Huo mstari ndipo kisu kilipoacha kukata.

Hesabu yake ni fupi. Opinel namba 8, kisu cha mpini wa mti kutoka Savoie, Ufaransa, kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890, kina mgongo wa kama milimita 1.7. Kwenye bapa la kimo cha milimita 20 linalopungua moja kwa moja mpaka kwenye makali, kabari hiyo ina pembe ya nyuzi 5 hivi. Weka mgongo wa milimita 4, kama wa baadhi ya visu vizito vya kisasa, na pembe inapanda mpaka nyuzi 11. Tena visu vingi vya namna hiyo havianzi kupungua mgongoni. Vinabaki vinene mpaka katikati ya bapa, ndipo vinaposhuka, na hapo pembe inazidi nyuzi 22. Ukinoa makali tu, hujaigusa pembe hiyo hata kidogo. Ndiyo maana kunoa kwangu kote hakukusaidia.

Wagema wa ulanzi, pombe ya mianzi, wa Iringa na Njombe wanalifahamu hili kwa mikono. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, na asubuhi na jioni mgema hurudi kuukata kipande kingine chembamba ili utomvu uendelee kudondoka kwenye mbeta, chombo cha kuukingia. Kisu cha kazi hiyo hakiwezi kuwa na mabega, kwa sababu mwanzi unaopasuka hauwezi tena kuchongwa vizuri siku inayofuata.

Kwa nini basi visu vya kukunja vikanenepa? Kisu cha zamani cha kawaida hakina kufuli. Kina springi mgongoni inayolibana bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa, na ukiusukuma mgongo wa bapa kwa nguvu, linakunjika juu ya vidole. Mtumiaji anajua hivyo, kwa hiyo anakata tu, habanduli wala hachokonoi. Cha kisasa kinafungika kwa kufuli. Mwaka 1981 Spyderco ya Marekani ilitoa kisu chenye klipu ya mfukoni na tundu la duara kwenye bapa, kinachofunguliwa kwa mkono mmoja. Watu wakaanza kukidai kisu cha kukunja nguvu za kisu kisichokunjwa, na watengenezaji wakaongeza chuma. Lakini tusilibebeshe kufuli lawama yote. Opinel ilivikwa pete ya kulizuia bapa lisikunjike mwaka 1955, na bapa lake likabaki jembamba vile vile.

Wala unene si dhambi kila mahali. Kamba ya katani, mpira wa kufungia mzigo na uzi wa gunia ni vitu vyembamba. Vikikatika vinaachana vyenyewe, na mabega hayapati cha kusukuma. Hapo kinachohesabika ni makali na muda yanaokaa, na katani inayamaliza makali upesi. Kwa kijana anayepakia viazi kwenye lori, mkono mmoja ukiwa umeshika kamba, ningempa kisu cha kisasa bila kufikiri mara mbili. Bapa jembamba nalo likitumiwa kubandulia kifuniko cha kopo litavunjika ncha. Kwangu mimi, ninayekata zaidi parachichi, viazi na karoti kuliko kamba, kinachokaa mfukoni siku hizi ni kile chembamba cheusi.

Kile kinene nilimwachia mzee wa Mwanjelwa, akakipunguza mabega kwa mchana mzima. Alikuwa analigusisha bapa kwenye jiwe mara tatu nne, analizamisha kwenye ndoo ya maji, anarudia, kwa sababu chuma kikipata moto mpaka kugeuka buluu kinapoteza ugumu na makali hayakai tena. Nilipokifikisha nyumbani nilikikatia kiazi. Kilishuka kimya zaidi ya nusu ya njia, kisha, kwenye kipande cha chini cha upana wa kidole, kikalia "kwatu" ndogo. Mgongo bado ni milimita 4.